Talaka ya Saa Nne na Dakika Kumi

Bibi yangu mzaa mama aliachika mwaka 1984, ndoa yake ikiwa na miaka 38. Alikuwa na watoto wanne wazima, wajukuu tele, na meno yake yote isipokuwa mawili. Kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Muheza, kilikwisha kumwita kizee. Mimi leo nimempita umri aliokuwa nao siku ile, na labda ndiyo sababu mambo niliyoyaona nikiwa msichana wa shule yananirudia sasa kwa uzito mwingine. Nilikuwa naishi kwake kwa kuwa shule ilikuwa karibu na mama yangu alikuwa kazini Korogwe.

Babu hakuwa mtu mbaya. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia mke wa umri ule ameomba talaka, kwanza hutafuta ngumi, pombe au mke mdogo. Hapakuwa na hata kimoja. Alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu, na ambaye bila filimbi yake treni haiondoki. Alianza kazi enzi za mkoloni, reli ya Tanganyika, Kenya na Uganda ilipokuwa mikononi mwa shirika moja, na gadi wa Tanga aliweza kuhamishiwa Voi au Mombasa kama anavyohamishiwa Moshi. Miaka yake mingi aliimalizia Voi. Bibi alibaki Muheza na watoto. Babu alikuja likizo mara moja kwa mwaka, na siku nyingine akishuka usiku mmoja treni yake ikipita.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Babu alirudi huku, akachukuliwa na Shirika la Reli Tanzania na kupelekwa Tabora. Alistaafu mwaka 1982. Mama yangu aliwahi kupiga hesabu akasema, katika ile miaka 38, miaka ambayo wazazi wake walilala chini ya paa moja haikufika sita, pamoja na ile miwili ya mwisho.

Ile miwili ya mwisho ndiyo iliyowashinda.

Stoo ya chakula ilikuwa chumba cha uani, na tangu nipate akili ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Haikupita muda tangu arudi, Babu akanunua kufuli jipya mjini. Lilikuja na funguo mbili. Zote mbili akazitia kwenye mnyororo wa saa yake ya mfukoni. Tokea hapo, kila jioni Bibi alisimama mlangoni mwa stoo na ungo mkononi, Babu akapima mchele kwa kibaba, akausawazisha juu kwa kiganja, akamimina, kisha akaandika kwenye daftari lililoning'inizwa kwa uzi nyuma ya mlango: tarehe, vibaba vingapi, vya nini. Mgeni akija baada ya kupimwa, Bibi alirudi kuomba tena na ungo ule ule.

Babu alikuwa na hoja. Miaka ile vitu vilikuwa adimu kweli. Sukari na sabuni tulipata kwa foleni na mgao, na wapo waliokuwa wakipika chai kwa miwa. Penye uhaba, alisema, lazima pawe na hesabu. Bibi hakupinga hesabu. Yeye mwenyewe alijua kusoma na kuandika; alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Neno alilouliza lilikuwa moja, na nililisikia kwa masikio yangu.

"Miaka yote uliyokuwa Voi, nani alikuwa akipima?"

Babu alikaa kimya kidogo, kisha akasema sasa mwenye nyumba amerudi.

Nimelifikiria jibu lile kwa muda mrefu. Babu alirudi kijijini akitafuta treni ya kuondosha na kusimamisha, na treni pekee aliyoikuta ilikuwa nyumba ya Bibi. Alipanga saa ya chai, saa ya kuteka maji, saa ya kuzima taa. Hakupaza sauti. Alikuwa amezoea kuwa neno lake likitoka, mabehewa yanasogea, na sidhani alijua namna nyingine ya kuwa mtu mahali. Naye Bibi alikuwa amelea watoto wanne, amezika wawili, amelima, amelipa ada, amepokea wageni na kuamua kesi za ukoo bila kumwomba mtu ruhusa ya kibaba cha mchele. Wale walikuwa watu wazima wawili, kila mmoja na ufalme wake, walioambiwa uzeeni kwamba sasa waanze kuishi pamoja.

Kilichokata shauri ni machungwa. Minazi ya juu, karibu na nyumba, Babu aliirithi kwa baba yake. Michungwa ya bondeni aliipanda Bibi, miti 40, miche akiibeba kichwani mwenyewe. Kwetu mwambao mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na watu wanajua nani alipanda nini hata kama hakuna karatasi. Wachuuzi wa machungwa huja kutoka mjini matunda yakiwa bado machanga, hununua mti ulivyosimama kwa bei ya chini, kisha hurudi na lori wakati wa kuvuna. Mwanzoni mwa 1984 Bibi alikwenda msibani Pongwe. Aliporudi alimkuta mtu asiyemjua bondeni akipaka chokaa kwenye mashina. Babu alikuwa ameuza msimu mzima. Hakula fedha ile. Alinunulia mabati ya upande wa mbele wa nyumba, na mabati wakati ule yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Usiku ule tulikula kimya. Nilipokuwa naondoa vyombo nilimsikia Bibi akisema, kwa sauti yake ya kila siku: "Mwenzangu, nimechoka kuomba kwangu. Niandikie talaka yangu."

Mjomba mkubwa, mwalimu Dar es Salaam, alikuja na basi la Ijumaa. Mjomba wa pili na mama mdogo wakafika kesho yake, na mama yangu naye. Walikaa na Bibi uani siku nzima. Mjomba aliyekuwa akiwafundisha watoto wa watu kutwa alikosa la kusema ila hili: "Mama, umri huu? Tutawaambia nini watu?"

"Waambieni nimeachika."

Mama mdogo akauliza Baba akiugua nani atamwuguza. Nilimwangalia usoni nikajua alikuwa ameshajua ni nani, kwani ndiye aliyeishi karibu kuliko wote. Nasema wazi: katika yote waliyoyaita heshima ya wazazi, nusu ilikuwa hofu ya mzigo huo. Siwalaumu kwa kuogopa. Nawalaumu kwa kumtwisha Bibi hofu hiyo kama wajibu wake peke yake.

Kisha Mjomba akaleta hoja aliyoiona kubwa. "Vumilia, Mama. Uvumilivu huu si wa milele. Mungu akimchukua Baba, wewe una thumuni yako."

Hakukosea sharia. Mume akifa akaacha watoto, mke hurithi sehemu moja ya nane ya mali yake; wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana hiyo hiyo thumuni. Aliyeachika na eda yake ikaisha harithi kitu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amenyoosha miguu mkekani.

"Michungwa 40 niliyopanda mimi," akasema, "nimngoje mtu afe nipewe mitano?"

Mjomba akainamisha kichwa.

"Na akioa mwingine kabla ya kufa, nipewe miwili na nusu. Hiyo nusu nitaichuma upande gani?"

Walienda kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Mimi nilibeba mkoba wa Bibi, nikakaa nje chini ya dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo yaliyosemwa ndani niliyapata yote. Wazee wa baraza walikuwa watu wa heri na walitaka kuwapatanisha. Walimwuliza Bibi, mumeo anakupiga? Hapana. Anatoka nje? Hapana. Anakunyima chakula? "Ananipimia." Wakacheka kidogo, kwa upole, wakasema wagombanao ndio wapatanao, na kwamba watu waliofika umri wao kilichobaki ni kuombeana mwisho mwema. Wakamgeukia Babu: na wewe mzee una neno gani?

"Anataka funguo," Babu akasema.

"Si umpe, yaishe?"

"Nikimpa funguo, mimi nitakuwa nani pale?"

Hakuna aliyelishika neno lile. Mzee mmoja alikohoa, wakahamia kwenye habari ya subira. Nimekaa na faili za ndoa zaidi ya nusu ya maisha yangu, maana baadaye niliajiriwa karani wa mahakama, na sijapata kusikia mstaafu akieleza hali yake kwa ukweli kuliko vile. Laiti mtu mmoja pale ndani angelimwuliza swali la pili! Walitumwa nyumbani, wakaitwa tena, wakatumwa tena. Mwishowe baraza likaandika hati kwamba limeshindwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hivyo: kesi ya talaka ipitie kwanza kwenye baraza, na kwa Waislamu, baraza likishindwa na mume akatoa talaka, mahakama huthibitisha kuwa ndoa imevunjika.

Babu aliandika talaka kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la vibaba. Mwandiko wake ulikuwa wa reli, umeinamia kulia, herufi zinazosomeka hata kwa taa ya kandili. Jina lake, jina la Bibi, mashahidi wawili, talaka moja, tarehe. Chini kabisa akatia na saa: 4:10 asubuhi. Hakuna dini wala sheria iliyomtaka aandike saa. Ni mtu aliyeandika saa ya kila treni iliyoondoka mbele yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma mwenyewe neno kwa neno, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Halafu ikaja eda. Wasichana wenzangu kisimani waliniuliza, wakibana vicheko, kizee anakaa eda ya nini, anahofiwa mimba? Eda ya mwanamke aliyekoma hedhi ni miezi mitatu, na talaka ikiwa ni rejea mke hukaa pale pale nyumbani, kwa matumizi ya mume. Miezi ile mitatu ndiyo niliyowaona wale wawili wakiwa katika hali njema kuliko wakati wowote. Babu alitoa matumizi kwa mkupuo: gunia la mahindi, debe la mchele, sukari aliyoisimamia foleni mwenyewe, mafuta ya taa. Hakushika kibaba. Asubuhi alipita uani akasalimu, Bibi akamwitikia, wakaulizana hali za watoto. Bibi alikuwa na chumba chake. Mimi nilipeleka chai huku na huku.

Wajomba zangu waliiona nafasi. Kwa sharia mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya na bila kumwomba ridhaa. Walimshika Babu kila walipokuja: tamka tu, Baba, mbele ya watu wawili, mambo yaishe. Babu aliwasikiliza, akapapasa mnyororo wa saa, akasema atatazama.

Jioni moja mwezi wa tatu wa eda akaniita barazani. "Kamwulize bibi yako," akasema, "nikimrejea, ataridhika?"

Nilikwenda jikoni. Bibi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Nilimpa ujumbe kama ulivyo. Akasimamisha mkono, akakitazama kifuu kwa muda, akasema: "Mwambie nashukuru kuniuliza. Mwambie asinirejee." Kisha akaendelea kukuna.

Babu alisema "haya", basi. Wajomba walipokuja tena aliwakata mapema: nimemwuliza, hakuridhia, neno hilo msinirudie nalo. Kitu alichoruhusiwa kukifanya bila kuuliza, aliuliza. Na alipojibiwa, alilipokea jibu. Watu wengi waliomhurumia Babu kijijini hawakujua jambo hili, na mimi naliandika hapa ili lijulikane, kwa kuwa lilikuwa tendo la kiungwana kuliko yote niliyomwona akitenda.

Mahakama ya mwanzo haikuchukua muda. Hakimu na washauri wake wawili walikuja shambani wenyewe wakaitembea ile miti. Majirani walisimama tayari kutoa ushahidi nani alipanda. Hakimu akamwanza Babu. "Michungwa ni yake," Babu akajibu. "Mimi nilikuwa Voi." Mchuuzi alikuwa ameshavuna, kwa hiyo mabati yalihesabiwa kuwa ya Babu na ya nyumba, nayo nyumba na minazi vikabaki kwake. Bibi alipewa michungwa na kipande cha kujengea ukingoni mwa bonde.

Wakati ule sikujua kwamba mwaka mmoja tu kabla, 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imeamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na kusema kwamba kazi za mke za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipoisoma hukumu ile ukarani, nilifurahi, kisha nikasoma mpaka chini nikaona Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mumewe alimpa fedha za mradi wa familia na mahakama ikaona hakuzitumia ilivyopasa. Wanawake wengi wamegawiwa nyumba na mashamba kwa jina la mwanamke aliyetoka mahakamani mikono mitupu. Bibi yangu alikuwa na bahati ya miti inayoonekana, na mume asiyeweza kuandika uongo. Vibaba alivyopika kwa miaka 38 hakuna aliyevihesabu siku ile, ingawa daftari lilikuwapo.

Nimewaona wengi wa umri wake wakipita mezani kwangu baadaye, wanawake kwa wanaume. Wengi wao hawana mtoto wa kugombea malezi yake wala mpenzi wa kukimbilia. Wanauliza nyumba, shamba, na nani atanizika. Na nyuma yao, kwenye benchi, mara nyingi wamekaa watoto wao wenye mvi zinazoanza, wamekasirika kuliko wadaawa.

Bibi alijenga vyumba viwili, udongo kwanza, mabati baadaye. Babu aliishi ng'ambo ya minazi. Alipougua, mama mdogo ndiye aliyemwuguza, kama alivyohofia, na Bibi, ambaye kisheria sasa ni mtu kando, alipika uji kila asubuhi akampa mjukuu aupeleke. Babu alifariki mwaka 1996. Msibani wanawake waliulizana kama Bibi akae eda ya kufiwa. Sheikh akasema hapana, yule si mke. Bibi alifunga kanga kiunoni akaingia kwenye masufuria. Baada ya arobaini, Mjomba mkubwa alimwendea akataka kumkatia thumuni katika fungu lake mwenyewe, kwa hiari. Alikataa. "Changu nilikichukua nikiwa na nguvu ya kukipalilia."

Lakini kulikuwa na deni moja ambalo halikufa na Babu. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao kwa miaka mingi, wazee wakiandamana Dar es Salaam hadi wengine wakafia njiani. Mwaka 2005 Serikali ilifikia makubaliano nao, na malipo yakaanza kutoka, ya waliofariki yakienda kwa warithi. Jina la Bibi halikuwamo kwenye orodha ya warithi wa Babu wala halikuweza kuwamo. Watoto wake wanne walikaa, safari hii bila yeye, na mama yangu akauliza: fedha hizi ni za miaka ipi? Walijibizana usiku kucha. Asubuhi Mjomba mkubwa alichukua basi hadi Muheza na bahasha.

Nilikuwapo. Nilidhani atakataa kama alivyokataa thumuni. Bibi alimwuliza ni za nini, Mjomba akamweleza: za Jumuiya, za kabla ya 1977.

"Hizi ni za Voi," Bibi akasema. "Hizi nilizifanyia kazi." Akataka zihesabiwe mkekani mara mbili, akaandika daftarini mwake, akazipokea.

Michungwa yake ilikuwa imezeeka, mingine ikikauka kuanzia juu. Alizitumia kuing'oa na kupanda mipya. Aliwalipa vijana kwa kila shimo, naye, akiwa na miaka sabini na ushei, akasimama juu yao na fimbo, akikataa kila shimo lisilofika magotini.